Chombo Hakikuwa Kichafu

Jumapili, 3 Februari

Kwako Kitindamimba wetu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila nakuitikia mapema tusipoteze muda.

Kidonda cha paja kimefunga. Muuguzi wa kiwandani amenitoa nyuzi juzi, akaniuliza nani kanishona ovyo hivi. Nikamwambia ni daktari bingwa wa misuli wa hospitali yenu kubwa, na kwamba angeniachia sindano ningejishona mwenyewe na mtu asingeona mshono. Alicheka mpaka akaangusha mkasi.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. "Ndiyo dada, sawa dada, nitakupigia dada." Barua huwezi kuikatiza. Utaisoma mpaka chini au utaichana, na ukiichana nitajua tu, wewe kudanganya hukujaliwa.

Haya. Ijumaa msimamizi wa ukumbi aliniita ofisini. Tangu wewe uko shule ya msingi mimi nashona kola za sare katika ukumbi ule, na hakuna kola yangu iliyowahi kurudishwa. Akaniambia, "Feni, mkono wako mzuri, tatizo lako uvivu." Unajua wananiita Feni kwa sababu sikubali kukaa mbali na feni. Asubuhi wenzangu wamevaa sweta, mimi mgongo umelowa chapachapa. Mchana nakula sahani tatu na bado sketi zinanivuka. Ikifika saa nane mikono inakufa. Si usingizi, wala si kuchoka kwa kawaida, maana kuchoka nakujua. Ni kama mtu amekata umeme. Msimamizi anasema wavivu wote wana maelezo mazuri. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili nilete karatasi ya daktari inayotaja ninaumwa nini, la sivyo nifungashe virago.

Daktari alisema kile kinofu alichonikata kitapimwa kwenye maabara yenu, na kwamba mpimaji ni wewe. Nilifurahi sana. Mama anasema nina deko la utotoni, hakuna zaidi. Mimi nasema kipo kitu. Basi pima, mdogo wangu, uniambie ni nini. Kubembeleza watu waniamini nimechoka nako.

Dada yako,
Feni (waache waniite, jina si baya)


Jumapili, 17 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kazi zimenielemea. Nina habari njema: huna ugonjwa.

Ngoja nikueleze tulichopima, usije ukasema nakufunga macho kwa maneno makubwa. Ndani ya seli za msuli kuna vijumba vidogo sana viitwavyo mitokondria. Chakula unachokula kinaishia humo. Kinavunjwavunjwa mpaka zinatoka elektroni, na hizo zinapita kwenye protini zilizopachikwa katika utando wa vijumba hivyo, zikipokezana mpaka zinaifikia oksijeni unayoivuta. Kila elektroni zinapopita, protini inajikunja kidogo na kusukuma protoni kutoka ndani ya utando kwenda nje. Protoni ni haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, kitu kidogo hata sijui nikufananishie na nini. Huko nje zinasongamana, zinataka kurudi, na utando hauzipitishi. Mlango ni mmoja, nao ni protini nyingine yenye gurudumu. Protoni zikipita humo gurudumu linazunguka, na kule kuzunguka ndiko kunakotengeneza nguvu ambayo msuli wako unaitumia kusogeza kola chini ya sindano.

Tumepima kasi ya juu kabisa ya msuli wako kutumia oksijeni, na ni ya kawaida, imezidi hata kidogo. Pampu zako hazina kasoro. Kipimo cha kwanza kilituletea mambo ya ajabu kwa sababu chombo hakikuoshwa vizuri, tukakitupa kipimo hicho, tukategemea cha pili.

Kwa hiyo tulia, dada. Inawezekana ni mawazo tu. Kunywa maji, lala mapema, usibishane sana na msimamizi.

Mdogo wako


Jumatatu, 25 Februari

Kitindamimba,

Barua yako ilifika nikiwa kazini. Mama akaifungua, akaisoma, kisha akamsomea shangazi, na shangazi hana kifua. Niliporudi nyumbani mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba pampu zangu hazina kasoro. Mama aliniambia maneno mawili tu, "Nilijua mimi," akaendelea kuchambua mchele.

Sikulia mbele yake. Nimelia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, nikatoka nikala sahani zangu tatu huku ananitazama.

"Inawezekana ni mawazo tu." Umeandika wewe hayo? Wewe niliyekubeba mgongoni ukaniambia, "Dada, mgongo wako unachoma"? Sitaki kukutukana kwa maandishi, yatabaki. Nijibu swali moja tu. Kipimo cha kwanza kilileta mambo gani ya ajabu?

Dada yako


Jumapili, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole kwa ya Mama na shangazi. Sikujua barua ingefunguliwa.

Swali lako ni la kitaalamu kidogo, lakini najibu. Tuna chombo cha glasi, kidogo kama kikombe cha kahawa. Tunaweka msuli humo na maji yenye chumvi zake na chakula chake, kisha mashine inachora mstari kadiri oksijeni inavyopungua. Msuli wa mtu mwenye afya, ukiwa na chakula lakini hauna kazi, unapumua polepole. Protoni zimejaa nje ya utando, pampu zinashindwa kuongeza nyingine. Hiyo ndiyo breki.

Mwisho wa kipimo tunatia tone la dawa inayozivusha protoni kurudi ndani popote pale, bila kupitia kwenye gurudumu. Breki inaachia. Pampu zinakimbia mbio zote, chakula kinaungua, na nguvu yote inageuka joto bure. Hapo tunasoma kasi ya juu. Sasa dawa hiyo ina tabia ya kung'ang'ania glasi. Usiposugua kwa spiriti, msuli unaofuata utakimbia bila breki tangu mwanzo, na hakuna mwanafunzi wa maabara hii ambaye hajawahi kuingia mkenge huo. Kwa hiyo tuna desturi: ukiona mstari unaoporomoka tangu mwanzo, huulizi kitu, unaosha chombo.

Wako uliporomoka tangu mwanzo. Profesa, mkuu wa maabara yetu, aliutazama akiwa mlangoni, na begi lake begani, akasema, "Osha chombo." Nikaosha. Kipande kilichobaki kilikuwa kidogo, kikatosha kupima kasi ya juu peke yake.

Ndiyo hivyo tu, dada. Hakuna siri.

Mdogo wako


Ijumaa, 8 Machi

Kitindamimba,

Keti chini. Kama umesimama, keti.

Umeandika kwa mkono wako kwamba protoni zikirudi bila kupita kwenye gurudumu, pampu zinakimbia, chakula kinaungua na nguvu yote inageuka joto. Halafu umeandika kwamba msuli wangu ulifanya hivyohivyo. Halafu umeuosha! Mtu anakula sahani tatu anakonda, analowa jasho watu wakiwa na sweta, mikono inamfia saa nane mchana, na wewe unaona mstari unaosema maneno yaleyale, unakimbilia spiriti?

Nitakuambia kwa lugha ya kazi yangu. Nikitaka kujaza uzi wa chini kwenye bobini nalegeza gurudumu la pembeni la cherehani. Mota inanguruma, inapata moto, ukiigusa inakuunguza, na sindano haishuki hata mara moja. Mtu akisimama mlangoni na begi begani atasema mashine ile inafanya kazi vizuri sana. Mwambie aonyeshe kola iko wapi.

Mlijua kwamba chombo kina uchafu, au mlidhani? Kuna aliyekikagua? Nimefikiri juu ya hili tangu barua yako ifike, nikiwa nashona, nimejidunga kidole, na jibu ninaloliona ni kwamba ilikuwa rahisi zaidi kulaumu glasi kuliko kuniamini mimi. Msimamizi analaumu uvivu, Mama analaumu deko, ninyi wasomi mnalaumu glasi. Mimi si chombo kichafu, bwana. Mimi ni mtu, na chakula changu kinakwenda mahali.

Kitafute.

Dada yako


Alhamisi, 21 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu, sina sababu nyingine.

Barua yako niliisoma nimesimama, baadaye nikakaa. Nilikwenda stoo kuangalia vyombo vya siku ile. Vilikuwa viwili, ubavu kwa ubavu, kila kimoja na kipande chako, na mistari yote miwili iliporomoka. Kimoja ni cha zamani, hicho tumekitumia na ile dawa tangu kabla sijaja. Cha pili kilikuwa kipya, nilikitoa kwenye boksi mwenyewe asubuhi ile. Dawa haikuwahi kukigusa. Na mimi niliviosha vyote viwili kwa bidii, nikaandika kwamba vyote vilikuwa vichafu, wala sikujiuliza kipya kimechafukaje. Niliona nilichozoea kuona.

Nimempelekea Profesa. Si mtu mbaya, ila ni mwoga wa kuchekwa. Alisema kipimo kilichotupwa kimetupwa, na kwamba namtafutia dada yangu ugonjwa ili apate karatasi ya kiwandani. Nikamwambia ninatafuta kilichoko ndani ya chombo, na kama hataki nipime tena basi aandike kwamba amekataa. Amekubali, kwa sharti kwamba daktari wa misuli awepo na mimi nisiguse mashine.

Sasa gumu lenyewe. Kipande chako kingine tulichokigandisha kwenye barafu hakifai. Kuganda kunachana utando, na utando uliochanika unavujisha protoni za kila mtu, mwenye afya na asiye nayo. Tunahitaji msuli mbichi. Maana yake ni paja tena, kisu tena. Sina haki ya kukuomba. Ukisema hapana nitaelewa.

Mdogo wako


Jumatatu, 25 Machi

Kitindamimba,

Nakuja. Lakini sikilizeni masharti yangu, wewe na Profesa wako.

La kwanza, nitakuwepo. Mguu mkiufunga bandeji nitakuja kwa fimbo mpaka maabara, nisimame mbele ya mashine nione mstari kwa macho yangu. Sitaki kusomewa tena habari zangu na watu wengine.

La pili, vyombo vyote viwe vipya, vitoke kwenye boksi nikiwa natazama.

La tatu, umesema msuli wa mtu mwenye afya unapumua polepole, basi apimwe na mwenye afya mmoja pembeni yangu ili kulinganisha. Mwenye afya huyo awe wewe. Ndiyo, umesoma vizuri. Baba mmoja, mama mmoja, kisu kimoja. Ukishakatwa paja tutaongea vizuri juu ya nani ana deko.

Msimamizi nimemwomba ruhusa, akaniuliza kama nakwenda kununua karatasi. Nikamwambia nakwenda kukatwa nyama, kama anataka nimletee kipande. Amenipa ruhusa. Usiku nilimsikia Mama anamwambia shangazi apunguze maneno.

Nitafika Jumanne ijayo kwa basi la asubuhi. Andaa chakula cha watu wanne, watatu ni mimi.

Dada yako


Jumapili, 14 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Bado nachechemea. Wanafunzi wananiita Nusu Paja. Daktari anasema hajawahi kuona mgonjwa mwenye kelele kama mimi, wakati wewe uliyetangulia kitandani ulikuwa unamwelekeza namna ya kushika uzi.

Uliuona mwenyewe, sina haja ya kukusimulia: mstari wangu ukishuka kidogo na kutulia kwenye breki, wako ukiporomoka kwenye glasi iliyotoka boksini mbele ya macho yako. Nilidhani utapiga kelele. Ulisema "Haya" tu, ukamtazama Profesa mpaka akavua miwani akaanza kuifuta. Nilijisikia fahari na nilijisikia mdogo, vyote pamoja.

Hili hulijui, lilitokea siku ileile baada ya wewe kuondoka maabara. Tulichukua kipande kingine tukatia dawa inayoziba gurudumu, ile protini ya mwisho. Mstari uliacha kuporomoka papo hapo, ukatulia kwenye breki kama wangu. Maana yake pampu zako zinasukuma protoni kama inavyotakiwa, na utando wako ni mzima. Kinachovuja ni gurudumu. Protoni zinapita humo bila kulizungusha ipasavyo, zinarudi ndani, pampu zinazisukuma tena, kutwa kucha. Hata ukiwa umelala msuli wako unakimbia. Ulisema gurudumu limelegezwa na mota inapata moto, na mimi mpaka leo sina maelezo mafupi kuliko hayo.

Ukweli mwingine lazima nikuambie: dawa ya kukuponya hatuna. Kuliziba gurudumu lote haiwezekani, msuli utakosa nguvu kabisa. Daktari anachoweza kuandika ni ubaridi, chakula cha kutosha mara nyingi, na kupumzika kabla mikono haijafa. Ameandika hayo kwenye karatasi niliyoambatanisha, na ameweka mhuri na sahihi.

Profesa anataka kuandika makala, na safari hii ana haraka. Bila ruhusa yako haichapishwi. Nimekuwekea ukurasa wa kwanza uusome kabla ya kusaini. Unaanza hivi: "Mgonjwa wa kike, mshona nguo, analalamika kuhusu uchovu, joto na jasho jingi tangu utotoni." Jina lako halimo. Langu limo chini ya lake.

Nisamehe, dada.

Mdogo wako


Jumamosi, 27 Aprili

Kwako Kitindamimba,

Marahaba. Nimekusamehe siku ile ulipopiga ukunga kwenye kitanda cha daktari, nilisikia nikiwa korido. Tusirudie habari hiyo.

Karatasi nilimpelekea msimamizi. Aliisoma mara mbili, akabadilisha uso, akaniambia pole kwa sauti ya msibani. Halafu akasema kwamba kiwanda si hospitali, na kama ni mgonjwa basi inabidi niende nikapumzike nyumbani.

Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni bila kukaribishwa. Nikamwambia, "Bosi, juzi nilikuwa mvivu, ukanionyesha mlango. Leo mgonjwa, mlango uleule. Sijaja kuomba huruma. Nataka nibaki karibu na feni, nile mezani kwangu, na nipumzike saa saba kabla mikono haijakata umeme. Kola zilizobaki nitazimaliza jioni. Kama hutaki, andika kwamba unamfukuza fundi kwa sababu ya ugonjwa uliothibitishwa na hospitali kubwa, weka sahihi, nami nitajua pa kuipeleka."

Alishika kalamu. Kisha akaiweka chini akasema, "Nenda kashone." Sijui atakaa kimya mpaka lini. Anaweza kunigeukia mwezi ujao. Lakini mwisho wa Aprili ndio huu, na mimi niko kwenye cherehani yangu.

Mama hajaniomba radhi, na nikingoja nitazeeka. Ila ananipakulia bila kutazama ndani ya sufuria. Shangazi ndiye kapata kazi mpya, anawaeleza majirani habari za protoni, na anazieleza vibaya kweli.

Kuhusu kusema kwamba hakuna dawa, asante kwa kutonificha. Iliniuma, nilikasirika siku mbili, nikamfokea hata paka. Kisha nikafikiri: nimebeba moto huu maisha yangu yote nikiambiwa haupo. Kuubeba ukiwa upo ni kazi ninayoiweza.

Sasa ukurasa wa Profesa. Nimeusoma mstari kwa mstari. Msuli wangu nawapa, mstari wangu wachore, na gurudumu langu waliite jina lolote watakalo. Ila sisaini.

Pale mwanzo pameandikwa "analalamika". Nani alilalamika? Nikiwa mtoto nilimwambia Mama kwamba ndani yangu kunawaka. Nikamwambia mwalimu wa michezo, akanizungusha uwanja. Nimewaambia madaktari, wakanipa vidonge vya usingizi. Nikamwambia msimamizi. Nikakuambia wewe, kwa maandishi; kila kitu kilichokuja kuonekana kwenye mashine yenu nilikuwa nimeshakitaja, hata gurudumu. Hayo si malalamiko. Nilikuwa natoa habari, na habari yenyewe ilikuwa ya kweli kuliko kipimo chenu cha kwanza.

Mwambie Profesa afute neno lile aandike "alisema". Akikuambia kwamba ndivyo madaktari wanavyoandika duniani kote, mwambie basi atafute msuli mwingine duniani kote. Nitumie ukurasa upya. Nikiliona neno langu pale juu, ndipo nitatafuta kalamu.

Dada yako